Mbwa wa Kwanza wa Familia Yako Asiwe German Shepherd

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti. Tumehamia kwetu, tuna watoto, tunataka mbwa wa kwanza: tuchukue German Shepherd ama Rottweiler? Hebu angalieni vile swali lenyewe limekaa. Hakuna aliyeuliza kama kweli wanahitaji mbwa. Hakuna aliyeuliza atalala wapi, atakula nini, nani atakuwa naye mchana watu wakienda kazi na shule. Wote wameanza na jina la aina, kama mtu ambaye hajui kuendesha gari lakini anabishana kama ni Subaru ama Prado.

Sitazunguka mbuyu. Jibu langu ni wala huyu wala yule. Chukua mbwa koko. Tena si mtoto, chukua aliyekomaa, aliyechanjwa, aliyefungwa uzazi, ambaye kuna mtu ameishi naye akazijua tabia zake. Yaani huyo unayemwita shenzi. Najua kuna watu wameshakunja uso. Kaeni kwanza niwaambie nimejulia wapi, maana hii elimu nimeilipia.

Sisi tulihamia Rongai, kwa ile hamsini kwa mia ya mathe, kabla hata ukuta wa nyuma haujaisha. Mwezi wa pili tukaibiwa mtungi wa gesi na nguo zote zilizokuwa kwa kamba. Mjomba akaja Jumapili, akala chapati zake tano, akatoa hukumu: "Dadangu, hapa unahitaji Germani." Huyu ni mtu ambaye hajawahi kufuga hata kuku. Lakini kwetu mjomba akisema, imesemwa.

Tukamnunua kando ya barabara. Mnawajua wale jamaa. Watoto wa mbwa wawili mkononi, wengine wamelaliana kwa katoni, gari likipunguza mwendo anawainua juu uwaone. Alianza 25,000, tukamaliza 18,000. Akasema ni wa wiki 8, ni German Shepherd halisi, amechanjwa kila kitu. Akatupa na kadi. Kadi yenyewe ilikuwa na alama tatu za kalamu, hakuna muhuri, hakuna sahihi ya daktari, hakuna ile stika inayobanduliwa kwa chupa ya chanjo. Lakini nani angesoma kadi? Papi alikuwa ameshalala kwa mapaja ya dada yangu wa miaka saba, na tayari alikuwa anaitwa Rambo.

Siku ya nne Rambo akakataa kula. Usiku akatapika, asubuhi anaharisha damu, na ile harufu sitakuja kuisahau. Daktari wa mifugo alimfungua mdomo, akaangalia meno, akasema huyu hajafika hata wiki 6. Akampima: parvo. Akamwekea dripu. Pesa tulizotumia hapo, ukijumlisha na zile za kumnunua, zingemaliza ule ukuta wa nyuma na chenji ibaki. Usiku wa tatu akafa. Dada yangu alilala na taulo lake wiki nzima.

Kuna kitu daktari alituambia tukiwa tunalipa, na nataka mkiandike mahali. Virusi vya parvo havifi na mbwa. Vinabaki kwa udongo miezi mingi, hata mwaka. Ukileta papi mwingine hapo hapo kabla hajamaliza chanjo, unamletea kifo mlangoni. Na chanjo ya papi si sindano moja. Inaanza akiwa na wiki 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike kama wiki 16, na ile ya kichaa cha mbwa huja akiwa na miezi 3 hivi. Kwa hivyo mtu akikuuzia papi wa wiki 8 na kusema amemaliza chanjo, anakudanganya. Huhitaji kuwa daktari, piga hesabu tu. Isitoshe, papi anafaa akae na mama yake si chini ya wiki 8. Anayemtoa akiwa na wiki 5 anajua anachofanya: kila wiki anayobaki nyumbani anakula chakula cha muuzaji.

Ungedhani tulijifunza. Wapi.

Mjomba, huyo huyo, akatuletea Rottweiler wa miaka miwili. Rafiki yake alikuwa anahamia ng'ambo, hakuna aliyetaka kumchukua, sisi tukaona ni baraka ya bure. Tukachora bango kwa geti, MBWA KALI, herufi nyekundu. Mchana tulimfungia kwa kibanda cha mabati, saa nne usiku tunamfungulia. Hivyo ndivyo mtaa mzima unafanya, na sisi tulidhani ndiyo maana ya kufuga. Kwa miezi mitano hakuna mtu kwetu aliyewahi kumgusa kichwa. Chakula kilisukumwa ndani kwa fimbo.

Jumamosi moja komeo halikuingia vizuri. Rafiki ya dada yangu, mtoto wa jirani, alikuja kuchukua kamba ya kuruka. Mbwa akamng'ata paja.

Sitaeleza zaidi ya hapo, yeye ni mtoto na ipo siku anaweza kusoma haya. Nitasema tu kwamba tulimwosha, mathe akamkimbiza hospitali, akalipa kila kitu, na zile sindano za kichaa si moja, unarudi na unarudi. Mbwa aliwekwa kando siku 10 aangaliwe dalili. Hakuwa nazo. Kisha akachukuliwa, na mimi sikuuliza anapelekwa wapi. Hiyo ni aibu yangu.

Ni aibu kwa sababu kosa halikuwa la mbwa. Rottweiler ametoka mji wa Rottweil, Ujerumani, na kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Dume hufika kilo 50 na zaidi. Huyo ni mfanyakazi. Tulimchukua mfanyakazi mwenye nguvu kuliko mtu yeyote pale nyumbani, tukamfungia kwa joto la mabati saa kumi na tano kila siku, hakuzoeshwa watoto, hakuzoeshwa wageni, halafu tukataka ajue mwenyewe tofauti ya mwizi na msichana anayetafuta kamba. Hata sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inagusa kumfungia mnyama kwa namna inayomtesa. Ukitembea mitaa ya Nairobi saa nane mchana na kusikia vilio nyuma ya mageti, jiulize ni wangapi wangeshtakiwa.

Sasa, hapa ndipo nagombana na watu wa "aina".

Hizi aina mnazozitaja zilitengenezwa na watu kwa kazi fulani. German Shepherd alianza rasmi 1899, pale Max von Stephanitz, mwanajeshi wa Ujerumani, alipomnunua mbwa mmoja wa kuchunga na kumfanya wa kwanza kwa daftari. Kazi ilikuwa kuzunguka kundi la kondoo kutwa nzima, kama ua unaotembea. Mbwa wa ukoo huo ukimweka kwa saruji ya futi kumi bila kazi, atajitafutia: atachimba, atatafuna waya wa tenki, atabwekea kila pikipiki. Halafu aina hii inajulikana kwa ugonjwa wa nyonga, viungo vya miguu ya nyuma haviingiani vizuri. Mfugaji mwaminifu hupima wazazi kwa eksirei kabla ya kuwazalisha. Yule wa katoni barabarani amepima nini?

Na wale wa Husky! Aki mnanichekesha na mnaniliza kwa pamoja. Huyo ni mbwa wa Siberia, wa kuvuta sleji kwa theluji, amevaa manyoya ya tabaka mbili. Mwaka wa 1925 mbwa wa namna hiyo ndio waliokimbiza dawa ya dondakoo mpaka Nome, Alaska, kwa baridi ambayo mate yanaganda. Wewe unamleta Kitengela, jua la saa saba, unampiga picha akihema na kuandika "anatabasamu". Hatabasamu, anachemka. Na kama ulimchukua kwa ajili ya ulinzi, pole sana, Husky anasifika kwa kupenda wageni. Mwizi ataingia na atasalimiwa.

Wale wa pua bapa sitawagusa leo. Mbwa ambaye kupumua tu ni kazi, unamnunuaje kwa bei ya pikipiki?

Najua mtu ataniambia: lakini aina inakuhakikishia tabia. Haikuhakikishii. Mwaka wa 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000 huko Marekani, wa aina zenye majina na waliochanganyika, na aina ilieleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Ukubwa, rangi, manyoya, hayo aina inayabeba. Lakini kama huyu atakuwa mpole kwa mtoto wako, jina la aina halikuambii mengi. Na hapo tunazungumzia mbwa ambao ukoo wao unajulikana. Hapa kwetu "German Shepherd halisi" mara nyingi ni neno la muuzaji na masikio yaliyosimama. Mwenye karatasi za East Africa Kennel Club atakuonyesha karatasi. Asiye nazo atakuonyesha picha ya baba kwa simu, na hiyo picha nimeshaiona kwa simu za watu watatu.

Turudi kwa huyu tunayemdharau. Walowezi walipokuja na mbwa wao wa meli, wale waliowakuta hapa waliwaita shenzi. Neno walilitoa kwa lugha yetu wenyewe, wakawapaka mbwa wetu kama walivyotupaka sisi. Wao wameondoka, neno tumelibakisha, na sasa tunalitumia kumkataa mbwa mwenye afya na kulipia mgonjwa 18,000. Watu hudhani koko ni takataka ya Germani na Labrador waliokutana gizani. Wapo wa hivyo, hasa mjini. Lakini mwaka wa 2009 watafiti walichapisha matokeo ya damu za mbwa wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia, na wale wa Uganda, majirani zetu hapa, wengi walionekana ni ukoo wa hapa hapa Afrika, si mabaki ya mbwa wa Ulaya. Hata Basenji, ambaye Wazungu wanamlipia pesa nyingi na kumpeleka kwa maonyesho, alitolewa misitu ya Kongo. Alikuwa mbwa wa kijiji. Alipopandishwa meli ndipo akawa "aina".

Sisemi koko hagonjwi. Parvo inamuua pia, kupe wanamletea homa kama wengine, na asipochanjwa anaweza kupata kichaa na kukiingiza kwa nyumba yako. Ninachosema ni kwamba mwili wake wa kilo 15 au 20, manyoya mafupi, miguu mirefu, unaelewana na jua letu na mfuko wetu. Rottweiler yule alikuwa anatumaliza. Nyama za kichinjio, unga, na bado anakonda. Huyu wa sasa anakula theluthi ya hiyo.

Ndiyo, tuko na mwingine. Anaitwa Chapo, kwa sababu ana madoa ya kahawia kama chapati iliyosahaulika kidogo kwa kikaango. Ilituchukua mwaka mzima kukubali, na ni mathe aliyesema, si mimi. Tulienda KSPCA pale Karen. Wao ndio walituuliza maswali, si sisi. Ua uko aje? Atalala wapi? Kuna watoto wa umri gani? Nani yuko nyumbani mchana? Nilikasirika kidogo, nikaona kama naombwa mahari. Baadaye nikagundua muuzaji wa barabarani aliniuliza swali moja tu: una pesa taslimu ama M-Pesa?

Hatukumchagua kwa rangi. Dada yangu aliambiwa akae chini, asiite, asinyooshe mkono, angoje. Mbwa mmoja alimrukia, alikuwa mzuri lakini ana nguvu nyingi. Mwingine alijificha nyuma ya mlango. Chapo alikuja polepole, akanusa kiatu, akanusa goti, akakaa kando yake akiangalia upande mwingine. Alikuwa na kama miaka mitatu. Hapo ndipo faida ya kuchukua mbwa mzima ilipo: unachokiona ndicho unachopata. Papi ni bahati nasibu, hata akiwa na karatasi. Hujui atafika kilo ngapi, hujui atakuwa mwoga ama mkali, na miezi ya kwanza atakojoa kila mahali na kutafuna kila kiatu, wakati wewe unaamka saa kumi na moja kuwahi matatu.

Mama mmoja aliniandikia akasema, "Sawa mwanangu, lakini koko hatazuia wezi." Mama, kwa heshima, wezi hawaogopi cheti. Wanaogopa kelele. Chapo hulala mlangoni, anajua hatua za kila mtu wa nyumba hii, na mtu asiyemjua akigusa ua wa nyuma anabweka mpaka taa za majirani wawili ziwake. Yule Rottweiler alikuwa anabweka usiku kucha, bodaboda, paka, upepo, mpaka tukaacha kumsikiliza. Mbwa anayebweka kila kitu ni kama saa ya kuamsha inayolia kila dakika, unaizoea unalala. Kama kweli eneo lenu ni baya kiasi cha kuhitaji mbwa wa kumwangusha mtu, mnahitaji ukuta, taa na mlinzi. Msimpe mtoto wa darasa la pili silaha ya kilo 50 ili muokoe mtungi wa gesi.

Wako watu wanaofaa kufuga Germani, nawajua wawili. Wana nafasi, wanaamka mapema kumtembeza, walimpeleka mafunzo tangu akiwa mdogo, walienda kwa mfugaji wakamwona mama wa papi kwa macho na kushika kadi yenye muhuri. Na wote wawili hawakuanza naye. Walianza na mbwa wa kawaida wakajifunza kusoma mkia na masikio.

Kama unaishi kwa ploti ama apatimenti, ongea kwanza na mwenye nyumba na majirani. Wengine ni Waislamu na mate ya mbwa kwao yana hukumu yake, wengine wanaogopa tu, na wote wana haki ya kupita ngazi zao bila kurukiwa. Wapangaji wakihama na kuambiwa "mbwa hapana" kule waendako, ndipo unaona mbwa mwenye ukosi shingoni akizunguka jaa la takataka. Mnadhani koko wanatoka wapi?

Na chanjo, tafadhali. Kenya ilijiwekea mwaka wa 2014 mpango wa kumaliza kichaa cha mbwa kwa binadamu kufikia 2030, na Makueni ilikuwa kati ya kaunti za mwanzo kuchanja kwa wingi. Hesabu yake inasema tukichanja asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Karibu binadamu wote wanaokufa kwa kichaa wameupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mtoto aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wenu na mnamjua. Si pilipili, si mafuta taa. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kaunti nyingi huchanja bure ama kwa pesa kidogo. Muulize daktari wa mifugo wa wadi yenu.

Mjomba alikuja tena Krismasi. Alimwangalia Chapo, akauliza, "Na hii nayo ni aina gani?" Mathe akamjibu, "Ni aina ya mbwa." Akala chapati zake akanyamaza.

Yule mtoto wa jirani alianza kuja tena mwezi uliopita. Hakuwa ameingia kwetu tangu siku ile. Mara ya kwanza alisimama nje ya geti, dada yangu akamshika Chapo ukosi, wakaongea hivyo hivyo kupitia vyuma nusu saa. Mara ya pili aliingia hadi kwa ngazi. Bado hajamgusa na hakuna anayemharakisha. Lile bango la MBWA KALI nilitaka kulitoa siku hiyo kwa ajili yake, mathe akakataa. Anasema mwizi hajui Chapo ni nani, aendelee tu kutojua.